Miwani ya risasi: Nani aivae, na aichague vipi?

Katika hospitali nyingi, mfanyakazi anayeingia chumba cha eksirei huvaa aproni nzito iliyotiwa madini ya risasi. Wengine huongeza ukosi wa kukinga tezi ya shingo. Kutoka hapo kwenda juu aghalabu hakuna kitu. Macho yako wazi, na ndiyo hasa yanayoitazama kazi kwa karibu kuliko kiungo kingine chochote.

Wauguzi kadhaa wa hapa kisiwani wamekuwa wakiniuliza juu ya miwani maalumu ya kujikinga na mionzi. Je, ni kitu cha lazima au ni urembo wa madaktari wa ng'ambo? Ipi ni nzuri? Mmoja aliniuliza kama miwani myeusi ya jua inayochuuzwa Marikiti haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo. Nitamjibu yeye kwanza kwa kuwa jibu lake ni fupi: haiwezi hata kidogo. Miwani ya jua hupunguza mwanga unaoonekana. Mionzi ya eksirei hupita kwenye plastiki ile nyeusi kama upepo upitavyo dirishani.

Hao wengine wanastahili maelezo marefu zaidi.

Jicho ndilo lenye kasoro

Eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi Novemba 1895, na haikuchukua muda kabla ya watu kuanza kuumia. Mvumbuzi mashuhuri wa Marekani, Thomas Edison, aliacha kabisa kuifanyia kazi baada ya msaidizi wake, Clarence Dally, kuharibika mikono; Dally mwenyewe alikufa mwaka 1904. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1936 wenye majina ya madaktari, wauguzi na mafundi waliokufa kwa sababu ya mionzi. Ulipozinduliwa ulikuwa na majina 159, na mengine yaliongezwa baadaye.

Siku hizi mashine ni bora mara nyingi kuliko zile, na hakuna mfanyakazi wa kawaida wa hospitali anayekatwa vidole kwa sababu ya kupiga picha. Hatari iliyobaki ni ya polepole. Mojawapo humfikia mtu kimyakimya kwenye lenzi ya jicho.

Lenzi ni kile kioo hai kilicho nyuma ya mboni, ambacho hukusanya mwanga na kuufikisha nyuma ya jicho. Haina mshipa wowote wa damu, ndiyo maana ni angavu. Upande wake wa mbele kuna chembe hai ambazo huzaliana maisha yote ya mtu na kutengeneza nyuzi mpya za lenzi. Mionzi ikizidhuru chembe hizo, haziumbiki inavyopaswa. Huteleza taratibu hadi nyuma ya lenzi na kukusanyika pale katikati kama ukungu. Huo ndio mtoto wa jicho wa aina inayohusishwa na mionzi. Kwa kuwa lenzi haiwezi kuutupa uchafu wake nje, kilichoharibika hubaki humo humo.

Mahali ukungu huo unapokaa ndipo penye balaa. Uko katikati ya njia ya mwanga, kwa hiyo hata ukiwa mdogo humsumbua mtu anaposoma na anapokutana na mwanga mkali. Mtoto wa jicho wa uzee huja taratibu hata mzee akaizoea hali yake, lakini huu humkera mtu angali kijana.

Muuguzi mmoja mwenye umri wa miaka 44 alinijia akilalamika kuwa hawezi tena kuendesha gari usiku kwenye Daraja la Nyali. Taa za magari yanayomkabili, alisema, zinapasuka kama fataki. Mchana haoni taabu ila anaposoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa. Amefanya kazi thieta miaka 17, mingi katika upasuaji wa mifupa, na hakuwahi kuvaa kinga ya macho. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akakutwa na ukungu nyuma ya lenzi zote mbili.

Je, ni eksirei iliyomfanya hivyo? Sitaki kumdanganya msomaji. Ukungu wa aina hiyo huletwa pia na kisukari, ambacho mama huyu hana, na hata na dawa za steroidi. Nilipomdadisi zaidi aliniambia kuwa kwa miaka kadhaa alikuwa akijinunulia dukani dawa ya matone ya kuondoa mwasho wa macho, na dawa ile ilikuwa na steroidi. Hakuna daktari anayeweza kuitazama lenzi yake na kuapa ni kipi kilichoiharibu. Linalojulikana ni kwamba mionzi na steroidi zote zina tabia hiyo, na kwamba moja kati ya hizo angeweza kukingwa nayo kwa kifaa kinachovaliwa usoni. (Na hayo matone, ewe msomaji, usijinunulie bila kupimwa.)

Kilichobadilika mwaka 2011

Zamani iliaminika kuwa jicho linaweza kustahimili mionzi mingi kabla ya kudhurika. Kiwango cha juu alichoruhusiwa mfanyakazi kilikuwa milisiveti 150 kwenye lenzi kwa mwaka. Milisiveti ni kipimo cha athari ya mionzi mwilini. Ili kukipata kichwani, kumbuka kuwa mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, angani na katika chakula, bila kukanyaga hospitali. Sehemu nyingine huzidi. Hapa pwani tunacho Kilima cha Mrima, Kwale, ambacho ardhi yake ina madini ya toriamu na inajulikana kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida.

Aprili 2011, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, ICRP, ilitangaza kuwa ushahidi mpya unaonyesha lenzi hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Ikapendekeza kiwango kishushwe kutoka milisiveti 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka mitano, na pasiwe na mwaka hata mmoja unaozidi 50. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ambalo Kenya ni mwanachama wake, liliingiza kiwango hicho katika kanuni zake za usalama zilizotolewa mwaka 2014.

Ushahidi wenyewe ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa madaktari wenyewe. IAEA iliandaa uchunguzi wa macho ya wataalamu wa moyo, wale wanaopitisha mirija mishipani huku wakitazama picha ya eksirei inayotembea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Huko Bogotá, Kolombia, asilimia 38 ya madaktari hao walikuwa na madoa nyuma ya lenzi, na miongoni mwa wauguzi na mafundi wao asilimia 21. Katika watu wasiofanya kazi penye mionzi ilikuwa asilimia 12. Malaysia ilikuwa asilimia 52 kwa madaktari, 45 kwa wauguzi, na 9 kwa wasiohusika. Wengi wao hawakuwa wameanza kulalamika juu ya macho, madoa yalionekana kwa taa maalumu tu. Waliochunguzwa hawakuwa wengi, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kupuuzwa.

Tazama idadi ya wauguzi tena. Hao si wanaoshika mirija. Wanapitisha vifaa, wanamtuliza mgonjwa, wanasimama pembeni. Na pembeni kumbe si mbali.

Mionzi inayorushwa na mgonjwa

Watu wengi hudhani hatari iko kwenye mashine. Mwale wa eksirei kwa kweli ni mwembamba, na hakuna mwenye akili atakayeweka uso wake ndani yake. Kinachomfikia mfanyakazi ni mionzi inayogonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika kila upande. Mgonjwa ndiye anayegeuka kuwa taa.

Mvuvi wa hapa kwetu anaelewa jambo hili bila kusomeshwa. Huvaa kofia pana ya ukili, jua la utosini likazuilika, lakini jioni akirudi kidevu na pua vimeungua. Jua lililomchoma ni lile lililorushwa na maji kutoka chini. Ndivyo ilivyo chumbani. Mgonjwa amelazwa kwenye kimo cha kiuno, daktari amesimama juu yake, basi mionzi hupanda kuelekea usoni kutoka chini na ubavuni. Tena daktari hamtazami mgonjwa. Amegeuza kichwa kutazama kioo cha picha. Kwa hiyo mionzi humjia kwa shavuni, si kwa mbele. Msomaji akilishika jambo hili moja, ameshaijua nusu ya elimu ya kuchagua miwani.

Sasa, ni nani anayehitaji? Sipendi kuwatia watu hofu wala kuwatoza hospitali fedha bure. Anayepiga picha za kawaida za kifua na mifupa, akasimama nyuma ya ukuta au kioo cha risasi kila anapobonyeza, hahitaji miwani. Daktari wa meno anayerudi nyuma hatua zinazotakiwa hahitaji. Anayefanya kazi kwenye skani ya sauti hahitaji kabisa, wala wa mashine ya MRI, kwa sababu hizo hazitumii eksirei.

Wanaohitaji ni wale wanaobaki karibu na mgonjwa mashine ikiwa inawaka. Wa kwanza ni wataalamu wa moyo na wa mishipa pamoja na wauguzi wao. Kisha kuna wanaofungua mirija ya nyongo na kuondoa mawe ya figo kwa msaada wa picha, na wanaotoa vinyama vya uchunguzi kwa kuongozwa na mashine ya CT. Kisha kuna kundi kubwa katika mji kama wetu: thieta za mifupa, ambako mashine yenye mkono wa umbo la herufi C huzungushwa juu ya mguu uliovunjika ili daktari aone vyuma vinaingia sawasawa. Kwa jinsi bodaboda na tuktuk zinavyotuletea majeruhi, mashine hizo hazipumziki. Kwa haki, niseme kwamba upasuaji mmoja wa mifupa kwa kawaida humpa daktari mionzi kidogo sana kuliko shughuli ya moyo. Shughuli ngumu ya moyo inaweza kulipa jicho lisilokingwa sehemu moja ya kumi ya milisiveti, au zaidi. Mwenye wagonjwa wanne wa namna hiyo kwa wiki hufikisha wagonjwa 200 kwa mwaka, na hapo ameshagusa milisiveti 20.

Mtu mmoja husahaulika: mtaalamu wa nusukaputi. Yeye hukaa kichwani pa mgonjwa, mara nyingi nje ya kivuli cha kinga aliyowekewa daktari, na hawezi kumwacha mgonjwa wake akatoka. Mnapoagiza miwani, mhesabuni.

Unene wa risasi si kila kitu

Muuzaji wa miwani hizi atakutajia kwanza namba. Miwani nyingi nzuri zina kioo chenye uwezo sawa na bamba la risasi la unene wa milimita 0.5 au 0.75. Ukiipiga mionzi kwa mbele, kioo cha namna hiyo huzuia zaidi ya asilimia 90. Muuzaji atasimama hapo hapo. Lakini tumeona kuwa mionzi haiji kwa mbele. Vipimo vilivyofanywa katika kazi halisi vimeonyesha kuwa miwani hupunguza mionzi inayofika kwenye lenzi hadi nusu, au theluthi, au robo, pengine moja ya tano, kutegemea umbo lake na mahali mtu aliposimama. Kiasi kikubwa hupenya kwa chini, kwenye mwanya kati ya fremu na shavu, na kwa kando.

Kwa hiyo, ukipewa hiari kati ya miwani ya milimita 0.75 inayokaa mbali na uso na ya milimita 0.5 inayokumbatia uso, chukua ya pili. Tafuta kioo kikubwa, fremu inayopinda kufuata uso, na kinga ya risasi ubavuni. Hizo kinga za ubavuni si pambo. Miwani isiyo nazo ni kama nyumba iliyofungwa mlango wa mbele na kuachwa wazi wa uani.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya matangazo havikuambii. Miwani nyingi zinazoletwa zimechongewa pua ndefu zilizoinuka. Ukiiweka kwenye pua pana isiyoinuka sana, miwani huteremka, hukaa juu ya mashavu au huacha mwanya upande mmoja. Kuna fremu zilizotengenezwa kwa pua za namna yetu, na kuna zenye vishikizo vya pua vinavyorekebishwa. Ziulizie. Na wauguzi wanaojifunga hijabu, ambao katika mji huu ni wengi, wasipitishe mikono ya miwani juu ya kitambaa, kwani huisukuma miwani mbele na kuacha nafasi. Mikono iingie ndani, karibu na ngozi, kisha mkanda wa nyuma uishike.

Kuna jaribio ambalo halihitaji fedha. Mwanga na eksirei zote husafiri kwa mstari ulionyooka. Vaa miwani, simama kama unavyosimama kazini, geuza kichwa kuelekea kwenye kioo cha picha. Zima taa. Mwenzako ashike tochi ndogo pale alipolala mgonjwa, kimo cha kiuno, aimulike uso wako. Mwingine akutazame. Ikiwa mwanga umefika jichoni moja kwa moja kwa kupitia mwanya wa chini au wa kando, bila kupita kwenye kioo, basi na mionzi itapita hapo hapo. Rudieni kwa upande wa kushoto, maana katika shughuli za moyo, kwa jinsi daktari anavyosimama, jicho la kushoto kwa kawaida hupata zaidi.

Uzito nao si jambo dogo. Kioo chenye risasi ni kizito, na miwani moja hufika gramu 70, hata kuzidi 100. "Daktari, inanikata pua," huniambia, na baada ya saa moja ya upasuaji wa nyonga naamini. Miwani inayoumiza huishia mfukoni, na hiyo ya mfukoni haikingi jicho la mtu. Ndiyo sababu mimi humshauri mnunuzi asiagize kwa picha. Aijaribu usoni kwa nusu saa, akiinama na kuinuka. Iko pia miwani ya plastiki iliyochanganywa na risasi kidogo, ambayo ni nyepesi sana lakini uwezo wake ni mdogo. Kwa anayesimama mbali kidogo na mgonjwa inaweza kumtosha, lakini si kwa anayeshika mirija.

Waliovuka miaka 40 wana taabu ya ziada, nami ni mmoja wao: bila miwani ya kusomea hatuoni karibu. Miwani ya kawaida ya plastiki haikingi mionzi. Njia ni mbili. Kutengenezewa miwani ya risasi yenye namba zako, ambayo ni ghali na ni yako peke yako, au kununua ile kubwa inayovaliwa juu ya miwani yako. Hii ya pili humfaa yeyote, ila ni nzito zaidi na katika unyevu wa Mombasa hupata ukungu haraka endapo kipoza hewa cha thieta kimelala. Wengine hupendelea ngao ya uso mzima ya plastiki yenye risasi kidogo. Ina faida ya kuzuia damu kuruka usoni na haigombani na miwani ya chini, lakini iteremshwe hadi chini ya kidevu. Nimeona inavaliwa ikiwa imeinuliwa nusu, kama kofia ya mwendesha pikipiki anayepiga gumzo.

Na kuna hili la miwani moja kwa watu watano. Naelewa bajeti za hospitali zetu. Lakini nyuso hazifanani, na miwani iliyomkaa vizuri daktari mwenye uso mpana humning'inia muuguzi mwembamba. Ikiwa lazima ishirikiwe, nunueni angalau za maumbo mawili, na ifutwe kati ya mtu na mtu.

Je, ni ya kweli?

Miwani halali huandikwa kwenye fremu kiasi chake cha risasi, kwa alama ya kemia ya Pb, na hufuata kanuni ya kimataifa inayojulikana kama IEC 61331-3. Omba cheti. Cheti nacho kinaweza kughushiwa, lakini bahati nzuri mnunuzi wa kifaa hiki anayo mashine ya kukipima. Iweke miwani juu ya sahani ya picha, kando yake uweke kipande cha aproni mnayoiamini, kisha upige eksirei. Kioo chenye risasi kitatokea cheupe, kama aproni ilivyo. Kikitokea cheusi, umeuziwa miwani ya kwenda ufukweni. Picha hiyo pia itakuonyesha kama kinga za ubavuni zina risasi au ni plastiki iliyopakwa rangi.

Kioo hiki ni laini kuliko kioo cha kawaida. Hukwaruzika upesi na hupasuka kikianguka kwenye sakafu ya saruji. Futa kwa kitambaa laini, maji na sabuni kidogo, wala usikiloweke katika dawa kali za klorini. Kiwe na kasha lake mahali pamoja panapojulikana. Kikipasuka kisitupwe kwenye taka za kawaida, kwa kuwa risasi ni sumu. Kirudishwe kwa muuzaji.

Kabla ya miwani

Niliyoyasema yote hayana maana kama kinga nyingine, ambazo nyingi ni za bure, zimeachwa. Umbali ndio dawa ya kwanza. Ukitoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwa mgonjwa, mionzi inayokufikia hushuka hadi karibu robo. Asiye na kazi ya mkono wakati picha inapigwa arudi nyuma. Mashine ya mkono wa C iwekwe ili bomba linalotoa mionzi liwe chini ya meza, si juu. Mionzi hutawanyika zaidi upande inapoingilia mwilini, na ni afadhali ielekee sakafuni na miguuni kuliko usoni. Mguu uondolewe kwenye kanyagio mara daktari anapomaliza kuona. Na pale palipo na kioo cha risasi kinachoning'inia darini, kishushwe kiwe kati ya mgonjwa na uso. Kikiwekwa vizuri kinaweza kupunguza mionzi mara kumi, zaidi ya miwani yoyote. Chumba chenye kioo hicho kikiwa kimesukumwa pembeni mwaka mzima ni jambo la kusikitisha, nalo si la nadra.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, na mwenye kliniki anaweza kudhani amepata chumba cha eksirei bila gharama. Kuta nene husaidia, ni kweli. Lakini mlango wa mbao, hata uwe umenakshiwa vipi, mionzi huupita, na barazani nje kuna wazee wamekaa. Chumba hupimwa na wenye utaalamu, na mashine husajiliwa. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, jukumu hilo ni la Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Kinga ya Mionzi ya zamani. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Muuguzi anayeuliza miwani, basi, haombi hisani.

Mfanyakazi naye avae beji yake ya kupimia mionzi, asiiache kwenye kabati. Kwa kukadiria mionzi ya macho, beji ya ukosini, nje ya aproni, ndiyo inayosaidia. Ile iliyofichwa ndani ya aproni haijui lolote la usoni. Matokeo yakija, ayaombe ayasome. Ikiwa beji ya ukosini inaonyesha kiasi kidogo mwaka hadi mwaka, pengine fedha za miwani zinunue kitu kingine. Ikiwa inapanda, hoja ya kupeleka kwa msimamizi iko mkononi.

Macho yapimwe kabla ya kuanza kazi hizi, kisha baada ya kila miaka michache, kwa taa maalumu ya daktari wa macho baada ya mboni kupanuliwa kwa dawa. Kusoma herufi ukutani hakutoshi, kwa sababu ukungu wa mwanzo hauzuii herufi kubwa. Pwani hatuna upungufu wa mahali pa kwenda, tunavyo vituo kama Lighthouse hapa Mombasa na Kwale Eye Centre ng'ambo ya Likoni. Na mtoto wa jicho akishakuwa mkubwa hutolewa kwa upasuaji, lenzi ya bandia ikawekwa, na wengi huona vizuri. Yule muuguzi wa Daraja la Nyali amekwisha kufanyiwa jicho moja na anasubiri la pili.

Mwisho, wagonjwa. Baadhi yenu mtasoma haya na kesho mtadai miwani kabla ya kupigwa picha ya kifua. Hamna haja. Picha moja ya kifua ni mionzi kidogo sana, na macho yako hayamo ndani ya mwale. Mashine ikizimwa hakuna kinachobaki chumbani wala mwilini mwako. Unaweza kwenda nyumbani ukambeba mtoto wako. Ila ukiombwa umshikilie mtoto au mzee wako ili asitikisike wakati wa picha, omba aproni kwanza, simama kando ya mwale, na kama una mimba sema mapema ili mwingine ashike badala yako.